Soksi ya goti yenye tundu: uzoefu wangu wa miezi minne

Mimi ni fundi nguo, natumia cherehani cha miguu, na mguu wa kulia ndio unaobeba kazi kubwa. Miaka 11 haukunisumbua. Mwezi wa tatu tulihamia ghorofa ya nne, jengo halina lifti, na haikupita wiki ya tatu nikaanza kusikia maumivu mbele ya goti, kuizunguka pia ya goti, yaani kilegesambwa, kile kifupa cha mbele. Kupanda ngazi nilijikongoja. Kushuka ndiko kulikonitoa machozi. Kwenye daladala la Mbagala, goti likikaa limekunjwa saa nzima, nikishuka lazima nishike nguzo kwanza. Kilichoniuma moyoni zaidi ni swala. Kukaa tahiyatu kulinishinda, nikawa naswali kwenye kiti, nami nina miaka 38.

Nikanunua Kariakoo soksi ya goti, ile nzito ya mpira yenye tundu la duara mbele na mikanda miwili ya kunata, shilingi 25,000. Muuzaji alinikadiria kwa macho. Ilinibana hadi vidole vya mguu vikafa ganzi, na siku ya pili nikairudisha. Safari hii nilikwenda na futi yangu ya kazini, nikapima mzunguko wa goti mguu ukiwa umenyooka: sentimita 41. Kipimo kilichoandikwa kwenye boksi kikanipeleka saizi L, na ndiyo niliyo nayo mpaka leo. Tafadhali pimeni kabla ya kutoa pesa.

Soksi ikikaa vizuri, pia ya goti inaingia kwenye lile tundu na kuhisi imeegemezwa pande zote. Siku ya kwanza tu nilishuka ngazi bila kusimama katikati. Hilo nalishukuru kweli. Lakini nikiivua jioni, maumivu yako palepale, na baada ya mwezi nikaona nimenunua nafuu ya mchana tu.

Hapo ndipo nikaenda kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Alinikunjakunja goti, akanichuchumaza, akanishusha kidato kimoja huku akitazama nyonga. Hakuona haja ya eksirei. Akanieleza kwamba pia ya goti huteleza kwenye mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja, ikivutwa na misuli ya paja, na goti likikunjwa na kubeba uzito, kama wakati wa kushuka ngazi, pia hiyo hukandamizwa sana. Vidato vya ghorofa nne, mara tatu kwa siku, juu ya kazi ya cherehani, vilikuja ghafla kuliko misuli yangu ilivyozoea. Nilimwelewa mara moja, maana hata kitambaa ukikivuta kwa haraka chini ya sindano, mshono huharibika.

Mazoezi yenyewe ni haya. Kulala chali, mguu umenyooka, kuuinua na kuushikilia sekunde 5, mara 10, mizunguko mitatu. Kulala ubavu na kuinua mguu wa juu, kwa ajili ya nyonga. Baadaye kupanda na kushuka kidato kifupi taratibu. Aliniruhusu maumivu madogo, mradi kesho yake yawe yametulia. Cherehani nikawa nasimama kila nusu saa. Wiki tatu za mwanzo sikuona kitu na nilikaribia kuacha. Wiki ya sita nikashuka ngazi na ndoo mkononi. Wiki ya kumi nikarudi kwenye mkeka.

Kasoro za soksi: kwa joto la Dar inalowa jasho, na nyuma ya goti nilitoka vipele hadi nilipoanza kuivua kila nikikaa. Mikanda ya kunata inadaka nyuzi zote za dukani, nazichomoa kwa sindano kila Ijumaa. Fueni kwa mkono, anikeni kivulini.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Inamfaa mwenye maumivu kama yangu, anayehitaji kutembea huku akijenga misuli. Goti lililovimba, lenye joto, linalokwama au kulegea ghafla, au lililoumia kwa kuanguka, lipelekeni hospitali kwanza. Soksi yangu sasa iko kwenye droo ya vifungo, naivaa siku za kubeba majora ya vitambaa kutoka Kariakoo.