Deksmedetomidini kwa mzee wa sindano ya mgongo: nzuri, ila haitaki haraka

Kwa bibi wa miaka 80 na ushei aliyevunjika nyonga, anayepasuliwa kwa ganzi ya mgongo, deksmedetomidini, dawa ya kumtuliza alale kidogo, tunaiweka mbele ya midazolamu, dawa nyingine ya kutuliza. Ukimwita, "Bibi, waumwa?" anafumbua macho, anakujibu, kisha anarudi kulala, na pumzi yake haiguswi sana. Midazolamu katika umri huo inaweza kumvuruga akili, akaanza kung'oa mpira wa oksijeni katikati ya upasuaji.

Kichupa cha mililita 2 kina maikrogramu 200. Changanya na mililita 48 za maji ya chumvi, upate maikrogramu 4 kwa kila mililita. Mgonjwa wa kilo 50 aanze na mililita 2.5 kwa saa, yaani maikrogramu 0.2 kwa kilo kwa saa. Dozi ya kutangulia, kwa mzee, sisi hatuipendi. Ukilazimika, isizidi maikrogramu 0.5 kwa kilo, na iingie kwa dakika 10 au zaidi. Ikisukumwa mbio presha hupanda ghafla huku mapigo ya moyo yakishuka.

Kasoro yake kubwa ni hapo kwenye mapigo. Ganzi ya mgongo ikipanda hadi kifuani hukata neva zinazouharakisha moyo, nayo dawa hii huupunguza kasi kwa njia yake. Vikikutana, mapigo 45 si ajabu. Kwa hiyo subiri ganzi itulie na presha ikae sawa ndipo uwashe pampu, atropini ya kuharakisha moyo na efedrini ya kupandisha presha zikiwa zimeshavutwa kwenye sirinji. Mwenye hitilafu ya umeme wa moyo usimpe. Anayemeza atenololi, dawa ya presha inayopunguza mapigo, tahadhari.

Pasipo pampu ya sirinji, msiinunue dawa hii. Kukisia matone kwa jicho hakufai. Na betri ya pampu iwe imejaa. Stima za Mombasa mnazijua.

Wengi hukosea kuitegemea kama dawa ya maumivu. Inasaidia kidogo tu. Haitamkalisha mtu mwenye mfupa uliovunjika ili achomwe sindano ya mgongo. Kabla ya kumgeuza, mpigeni ganzi ya nyonga chini ya kinena kwa kuongozwa na mashine ya picha (ultrasaundi): bupivakaini ya asilimia 0.25, mililita 30, kisha mngoje nusu saa. Hiyo ni miligramu 75, na kikomo cha kilo 50 ni 100, kwa hiyo miligramu 10 za mgongoni bado zina nafasi. Parasetamoli miligramu 750 kila saa 6 iendelee wodini. Pethidini, dawa kali ya maumivu, waachieni vijana: mabaki yake hurundikana figo zikichoka, na huleta kuweweseka, hata degedege.

Pampu ya deksmedetomidini izimwe dakika 15 kabla ya nyuzi za mwisho, kwani usingizi wa dawa hii hukawia kutoka na presha inaweza kubaki chini, asikimbizwe wodini. Kifaa cha masikio asivuliwe thieta. Asiyesikia huonekana amelala kupita kiasi, pampu ikapunguzwa bure.