Niliuziwa Seva Iliyokwisha Muda Wake: Windows Server na Debian Katika Ofisi Moja ya Dodoma

Kama unakusudia kununua seva kwa ajili ya ofisi ndogo hapa Dodoma, jambo la kwanza kuuliza si ukubwa wa diski wala kasi ya prosesa, bali tarehe ambayo mfumo endeshi uliomo utaacha kupata masasisho ya usalama. Mimi ninasimamia mifumo ya chama cha akiba na mikopo ambacho wanachama wake wengi ni wakulima wa zabibu na alizeti. Muuzaji mmoja wa vifaa vya kompyuta mjini kwetu alituuzia seva yenye Windows Server 2012 R2, akaiita mpya, akatoza bei ya mfumo mpya, ilhali toleo hilo lilikuwa limekwisha kuachwa na watengenezaji wake tarehe 10 Oktoba 2023. Fedha iliyolipa ni akiba ya watu wanaolima juani, na ndiyo maana hasira yangu haijapoa.

Niligundua kwa sababu nina desturi ya kukagua masasisho kila mwezi. Mwezi wa kwanza hayakuja, nikadhani ni intaneti. Mwezi uliofuata hayakuja pia, nikatafuta tarehe za toleo lile na kuukuta ukweli wote. Nilikwenda dukani kwake pamoja na mhasibu wetu, mzee wa heshima, nikiwa na ankara mkononi. Nilimwambia, "Kaka, naomba utueleze kwa nini seva hii haipati masasisho, na utupatie karatasi za leseni zake." Hakutazama hata ankara. Alinijibu mbele ya wateja wengine, "Mama, wewe shughulika na vitabu vya wanachama, mambo ya seva waachie mafundi. Mashine inawaka, data zinaonekana, unataka nini tena?" Mhasibu alipojaribu kusema neno, aliambiwa kwamba masasisho ni ya watu wenye intaneti ya kuchezea, kisha yule kijana akageuka kumhudumia mtu aliyetaka chaja ya simu.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike, kwa kuwa limebeba uongo wa hatari. Seva inayowaka si seva iliyo salama. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika SMB, yaani itifaki ambayo Windows hutumia kugawana mafaili ndani ya mtandao wa ofisi. Mwezi Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kililitumia tundu hilohilo kufunga kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa walioumia. Waliokuwa wameweka kiraka kile walikuwa wameufunga mlango huo takriban miezi miwili kabla, bila kulipa chochote cha ziada. Sasa mtu anayeniuzia mfumo usiopokea viraka kabisa ananiuzia dawa iliyopita tarehe na kuniambia kwamba chupa yake bado ni nzuri. Tena 2012 R2 huja ikiwa na toleo la kwanza la SMB limewashwa, na haina ndani yake Defender, yaani kinga ya Microsoft dhidi ya virusi, kama walivyo wadogo zake kuanzia 2016. Ndani ya mashine ile tulikusudia kuweka majina, namba za vitambulisho, dhamana na madeni ya wanachama, taarifa ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuzilinde. Kirusi kingeingia, ni chama ambacho kingesimama mbele ya wanachama kujieleza, wala si yule kijana wa chaja.

Kuhusu gharama, ninapenda wasomaji waelewe namna ankara yetu ilivyopangwa. Ilikuwa na mstari mmoja tu ulioandikwa "Windows Server na leseni zote." Leseni za Windows Server haziuzwi hivyo. Tangu toleo la 2016 zinahesabiwa kwa viini vya prosesa, yaani sehemu zake zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, na kiwango cha chini ni viini 16 kwa kila seva, hata kama mashine yako ina pungufu ya hapo. Bei ya orodha ya toleo la Standard la 2022 ilikuwa dola za Marekani 1,069, yaani zaidi ya shilingi milioni 2.5. Juu ya hapo kila mtumiaji au kila kifaa kinachoingia katika seva kinahitaji leseni yake ya kuingilia, na hizi ndizo ambazo wauzaji wengi hawazitaji, kwa sababu mnunuzi akizijumlisha anaweza kuahirisha ununuzi. Hata masasisho ya ziada ya 2012 R2 yapo kwa wanaoyalipia hadi Oktoba 2026, lakini sisi hatukuuziwa hayo wala kuambiwa kwamba yapo. Tulilipa bei ya vitu vyote tukapewa kitu kimoja kilichozeeka.

Nilirudi ofisini nikiwa nimeapa kwamba Windows haitakanyaga tena katika seva yetu. Tulimtafuta kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dodoma, akaifuta mashine ile na kuweka Debian 12, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux. Kwa wiki za mwanzo nilikuwa na furaha ambayo sikuitarajia. Hakuna aliyeniuliza idadi ya watumiaji, kwa kuwa leseni ni huria. Masasisho ya usalama yalianza kushuka yenyewe usiku, na kila toleo thabiti hutunzwa takriban miaka mitano ukijumlisha kipindi cha nyongeza. Kijana yule aliniketisha pembeni yake akanionyesha kila amri aliyoandika na sababu yake, akafunga njia ya kuingia kwa mbali kwa nywila na kuacha ufunguo wa siri peke yake, akaweka Samba, programu inayoiwezesha Linux kugawana mafaili na Windows, ili kompyuta za karani ziendelee kuona mafaili kama kawaida. Aliniita mama, kama yule wa dukani, lakini huyu alikuwa akijibu swali.

Hata hivyo siwezi kuandika kwamba Debian ni bure, maana nimeiona gharama yake. Siku moja ruhusa za mafaili zilivurugika na karani hakuweza kufungua rejista ya mikopo, wakati mtaalamu wetu alikuwa safarini Mwanza na simu yake haipatikani. Wanachama walisubiri kwenye benchi hadi jioni. Mtu anayejua Windows unampata mtaa wowote wa Dodoma. Anayeijua Linux vizuri ni lazima umtunze, umlipe, na uombee asihamie Dar es Salaam. Kubwa zaidi, programu yetu ya uhasibu hukaa juu ya Windows tu, na walioitengeneza walisema wazi kwamba kwingine hawataitolea msaada.

Wala Linux haijaepukana na hila. Waliotegemea CentOS 8, mfumo wa bure uliotarajiwa kutunzwa hadi 2029, walitangaziwa Desemba 2020 kwamba mwisho wake ungekuwa mwaka mmoja tu baadaye, wakalazimika kuhamia AlmaLinux, Rocky Linux au kwingineko. Machi 2024 ikagundulika kwamba kuna mtu aliyekuwa amejipenyeza kwa subira ndani ya mradi mdogo wa xz, programu ya kubana mafaili inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, na kupandikiza mlango wa siri. Aliyeugundua ni mhandisi Andres Freund, aliyeshangazwa na kuchelewa kwa nusu sekunde katika kuingia kwa SSH, yaani njia ya kuingia katika seva kwa mbali. Toleo thabiti la Debian halikuguswa, nami namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo nimeacha kusema kwamba chanzo kilicho wazi kinajilinda chenyewe.

Kwa hiyo kiapo changu nimekivunja. Tumenunua Windows Server 2022 kwa muuzaji mwingine, yenye leseni za viini na za watumiaji zikiwa zimeandikwa mstari kwa mstari, na programu ya uhasibu imehamia humo. Ilituuma mfukoni. Lakini masasisho yake ya usalama yamepangiwa kwenda hadi Oktoba 2031, yanakuja kila mwezi, na nikiitathmini kwa haki nakiri kwamba ni mfumo mzuri, ulio rahisi kwa karani, ambao ningeusifu tangu mwanzo kama ningeuziwa halali. Debian imebaki na mafaili pamoja na nakala rudufu, na mahali hapo sitaibadilisha kwa chochote. Ofisi isiyo na programu inayolazimisha Windows ningeishauri ianze na Debian, au Ubuntu, ndugu yake wa jamii ya Linux, ambayo matoleo yake ya muda mrefu hutunzwa miaka mitano na huongezewa mingine kwa huduma ya Pro, isiyo na malipo hadi mashine tano.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo kwa utulivu, ila kila ninapoifungua ankara ile damu inachemka upya. Tumelipia mfumo mara mbili, na mara ya kwanza hatukupata kitu. Barua yetu ya kudai fedha ilipokelewa dukani, ikagongwa muhuri, na hadi leo haijajibiwa. Bodi imeniruhusu kulipeleka dai hilo mbele, na nimekwisha kuambatanisha ankara yake, nakala ya tarehe za mwisho wa masasisho, na maelezo ya maandishi ya mhasibu wetu kuhusu maneno tuliyoambiwa siku ile.