Chakula hai cha tarantula: mdudu yupi ni nafuu kweli?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Hapa mezani kuna makopo manne: nyenje, funza wa unga, funza wakubwa wa aina ya Zophobas, na mende wa dubia. Wote hawa tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya anayefugwa nyumbani, anawala vizuri. Leo tunaangalia yupi atakusaidia kubana matumizi.

Kabla ya kuuliza bei, hesabu midomo unayolisha. Tarantula mzima anatosheka na mdudu mmoja au wawili kila baada ya siku 7 hadi 14. Kwa mwezi ni kama wadudu watano, wengine hawafiki hata hao. Ukimnunulia buibui mmoja kopo la wadudu 50, umebeba chakula cha miezi kumi. Kwa hiyo mdudu wa bei nafuu ni yule atakayekuwa bado hai siku buibui wako akishikwa na njaa.

Hapo ndipo nyenje anapoangukia. Ni windo zuri, hatulii, na buibui anamsikia kwa mtikisiko mara tu anapotua. Lakini mtazame huyu: mabawa yamefunika mgongo, nyuma ana mrija mrefu kama sindano. Ni jike aliyekomaa, na umri uliobaki ni wiki mbili tatu tu. Ukinunua kopo lililojaa wa namna hii, nusu utawatupa. Chukua wale wa kati ambao hawajaota mabawa. Wahamishie kwenye boksi pana lenye trei za mayai na hewa ya kutosha, uwape kipande cha karoti badala ya bakuli la maji, maana humo wanazama. Unyevu ukizidi wanakufa kwa mkupuo, na wakikosa maji au chakula wanaanza kutafunana. Halafu kuna harufu, na madume yanalia usiku kucha.

Funza wa unga ndiye mvumilivu kuliko wote. Mweke kwenye pumba ya ngano, kopo liingie kwenye friji sehemu isiyo na baridi kali, nyuzi 7 hadi 10. Baridi inamlaza, hakui. Kila baada ya wiki moja au mbili mtoe kwa siku moja, mpe karoti, kisha ondoa mabaki yote na umrudishe. Kasoro yake ni kwamba ukimwachia kwenye tangi la buibui anachimba na kupotea chini ya udongo, na baadaye anaibuka akiwa mbawakawa. Mbane kichwa kwa kibano kwanza. Mwili utaendelea kujinyonganyonga, na buibui atauona.

Funza huyu mkubwa, Zophobas, usimpeleke kwenye friji kabisa, atakufa. Mweke kwenye joto la kawaida la chumba, pumba yenye kina cha sentimita 4 au 5, na karoti. Ana tabia moja inayokuokolea pesa: akiwa katikati ya wenzake hageuki kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa mbawakawa. Anabaki funza kwa miezi. Ukitaka ageuke, mtenge peke yake kwenye kikopo chenye giza. Na kwa kuwa anafika hata sentimita 5, mmoja ni mlo kamili wa tarantula mkubwa. Ila ana taya kali, kwa hiyo hapa kubana kichwa ni lazima. Kwa mwenye buibui mmoja hadi watano, huyu ndiye chaguo langu.

Buibui wakifika kumi na kuendelea, hamia kwa dubia. Hapandi kuta laini za plastiki wala kioo, halii, na harufu yake ni ndogo. Anza na majike 20 na madume 7, boksi lenye trei za mayai zilizosimamishwa wima, joto la nyuzi 28 hadi 32. Jike anazaa watoto hai, 20 hadi 30 kwa mkupuo. Sasa, watu wengi wanaharibu hapa: wanaanza kuvuna mwezi wa kwanza, na wanavuna majike! Mtoto anahitaji kama miezi minne hadi sita kukomaa, kwa hiyo kabla ya hapo usiguse wazazi. Wakizidi, lisha madume ya ziada. Dubia naye anajifukia au anajifanya mfu, basi kibano kinahusika tena.

Vitoto vya tarantula havihitaji windo hai. Kata funza wa unga, weka kipande karibu na shimo, kitoto kitafyonza maji yake. Kesho yake ondoa kilichobaki, vinginevyo ukungu na utitiri vitaingia. Kanuni ya ukubwa kwa windo hai: lisizidi tumbo la buibui.

Poda ya kalsiamu usinunue. Hiyo ni ya mijusi. Tarantula hana mfupa. Na usiokote wadudu nje ili kuokoa pesa, kwa sababu huwezi kujua nani amepita kwenye dawa au ana minyoo tumboni.

Windo lisiloliwa litoke ndani ya saa 24, hasa nyenje. Tarantula anayejivua gamba amelala chali, mwili laini, hana namna ya kujitetea, na nyenje mwenye njaa humtafuna hadi kumuua. Baada ya kujivua, angalia chonge: zinaanza nyeupe, zinakuwa nyekundu, kisha nyeusi. Zikiwa nyeusi tii, hapo mpe chakula. Kwa mkubwa subiri kama wiki mbili.

Ukiwa dukani, fungua kopo unuse. Harufu ya kuoza, matone ya maji kwenye kifuniko, au maiti zilizogandamana chini: rudisha, omba jingine.