Kununua singo na promo za Queen ukiwa Jinja: uzoefu wangu

Ukiwa na laki moja ya shilingi za Uganda mfukoni na unaipenda bendi ya Queen, iache singo, yaani santuri ndogo ya wimbo mmoja mmoja, inayotangazwa kuwa adimu. Tafuta promo, yaani nakala ambayo kampuni ya muziki iliwapelekea watu wa redio bure kabla wimbo haujafika madukani. Nayasema haya baada ya miaka kadhaa ya kununua santuri za bendi hii nikiwa Walukuba, hapa Jinja, kwa njia wanayoitumia wengi wetu: natafuta Discogs, tovuti ya kuuza na kuorodhesha santuri, nalipa kwa kadi ya benki, muuzaji anautuma mzigo kwa wakala aliyeko Uingereza au Marekani, na wakala anaurusha hadi Entebbe. Gharama za njia hiyo nitazieleza. Kwanza nimalizane na huo uadimu, maana ndipo watu wanapoliwa pesa.

Chukua "Bohemian Rhapsody". Singo yake, namba EMI 2375 ya kampuni ya EMI, ilitoka Uingereza Oktoba 31, 1975, ikashika namba moja kwa wiki 9, na kufikia mwisho wa Januari 1976 ilikuwa imeuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Milioni! Bado utakuta muuzaji ameipiga picha juu ya kitambaa chekundu, akaandika "adimu sana", akataka pauni 40. Nakala safi ya kawaida unaipata kwa pauni chache. Adimu ya kweli ipo, ila si ya mfuko wangu: mwaka 1978, EMI ilipotunukiwa tuzo ya Malkia wa Uingereza kwa mauzo ya nje, ilitoa nakala 200 za wimbo huo kwa plastiki ya buluu, kila moja na namba yake. Hizo huuzwa kwa maelfu ya pauni, na penye maelfu hapakosi wa kughushi. Ndivyo ilivyo pia kwa "I Can Hear Music" ya 1973, ambayo Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, aliiimba kwa jina la Larry Lurex muda mfupi kabla Queen hawajatoa albamu yao ya kwanza. Nayo ina nakala bandia. Mtu wa Jinja, asiyeweza kuishika santuri mkononi kabla ya kulipa, anaingia kwenye mchezo huo wa nini?

Promo ina mambo yake. Miaka ya 1970 Elektra, waliokuwa wakitoa kazi za Queen nchini Marekani, waliwapelekea madijei singo yenye wimbo uleule pande zote mbili: upande huu mono (sauti ya njia moja), upande ule stereo (sauti ya njia mbili). Redio za AM zilirusha mono na za FM stereo, kwa hiyo santuri moja ikatosha kila kituo. Kwa upande wa Uingereza, EMI walichapa herufi A kubwa kwenye lebo ili dijei asipoteze muda kuuliza apige upande upi.

Lakini kilichonivuta ni makasi. Redio ilitaka nyimbo fupi, na Queen wa mwanzo hawakujua ufupi. "Liar" kwenye albamu ina zaidi ya dakika 6. Ilipotolewa kama singo Marekani mwaka 1974, Elektra waliikata karibu nusu. Nilipoiweka kwenye mashine kwa mara ya kwanza nilidhani sindano imeruka. Kama muziki ni uchinjaji, sibishi. Ila hapo unasikia kile ambacho kampuni iliamini msikilizaji wa redio ataweza kukivumilia, na ukikumbuka kwamba mwaka uliofuata bendi hiyohiyo ilitoa singo ya dakika 5 na sekunde 55, unaelewa ule ulikuwa ubishi wa namna gani. Inajulikana jinsi Kenny Everett wa Capital Radio ya London alivyopewa nakala ya "Bohemian Rhapsody" kabla haijatoka, akaipiga mara 14 katika wikiendi moja. Kazi ya promo ni hiyo, na singo ya dukani haina historia ya namna hiyo.

Ile "Liar" nilinunua kwa dola 18. Lebo yake ina herufi za kituo fulani zilizoandikwa kwa kalamu nene, na kwa sababu ya maandishi hayo muuzaji alipunguza bei. Wakusanyaji wengi hawayapendi. Mimi nayapenda: yanaonyesha santuri ilifanya kazi iliyotumwa kufanya.

Kazi hiyo ina madhara yake, na hapa msomaji anayetaka kununua atulie kidogo. Dijei wa zamani alikuwa anaiweka sindano mwanzoni mwa wimbo, anaizungusha santuri mbele na nyuma kwa kidole mpaka aipate sauti ya kwanza, kisha anaisubirisha hapo. Akifanya hivyo kila siku, mifuo ya mwanzo, ile mistari inamopita sindano, inalika. Matokeo yake wimbo unaanza na mvumo kama wa kukaanga kitu, halafu baada ya sekunde chache unatulia. Zaidi ya hapo, baadhi ya singo za Marekani hazikutengenezwa kwa vinili, plastiki ya kawaida ya santuri, bali kwa polistirini, ambayo ni ngumu, rahisi kuchapa, na huchakaa haraka ikikutana na sindano mbovu. Kwa macho inang'aa vizuri tu. Kwa hiyo usiridhike na muuzaji aliyeandika hali ya santuri kwa kuitazama chini ya taa. Mwombe aipige sekunde kumi za mwanzo na akurekodie kwa simu. Wauzaji waungwana wanakubali bila maneno. Asiyekubali, mwache.

Jambo jingine la kumwomba ni picha ya sehemu laini iliyo kati ya mwisho wa mifuo na lebo. Pale pamekwanguliwa namba, na namba hizo ndizo zinazosema ukweli. Santuri za EMI za Uingereza zina namba ya singo, herufi A au B ya upande, kisha tarakimu na herufi U. Pembeni, mbali kidogo, mara nyingi kuna herufi ndogo zinazotoka kwenye neno GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, hivyo hivyo mpaka D ambayo ni 0. Zinaonyesha ni muhuri wa ngapi, yaani bamba la chuma la kukandamizia mifuo, uliotumika kuichapa santuri hiyo. Ukikuta G peke yake umeshika nakala ya muhuri wa kwanza. Hili huwa linanipa raha kuliko rangi yoyote ya plastiki, na halina gharama kwa sababu wauzaji wengi hawalitazami. Discogs katika hili inafaa sana. Kila toleo lina ukurasa wake, namba hizo zimeandikwa na watu wanaozimiliki, na historia ya bei iko wazi: ya chini, ya kati na ya juu. Mimi huangalia ya kati tu. Nikitaka uhakika wa pili kuhusu singo za inchi 7 naenda tovuti ya 45cat.

Sasa mzigo. Wauzaji wengi hawana bei ya kutuma Uganda, wengine hawataki kabisa, na anayekubali anaweza kukutoza pauni 15 kwa CD ya pauni 6. Ukipiga hesabu, hiyo CD imefika laki moja ya shilingi kabla forodha hawajaiona. Ndiyo maana wakala anahitajika. Anakupa anwani ya huko, unanunua kidogo kidogo, mizigo inakusanywa, inapaa pamoja. Ila wakala wa ndege hapimi kilo tu, anapima na ukubwa wa boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000, halafu anatoza kilicho kikubwa. Santuri ya inchi 7 ni gramu 40 hivi, lakini boksi linaloilinda linaweza kuhesabiwa robo kilo. Zikiwa sita ndani ya boksi moja, ukubwa hauongezeki sana. Nunua sita basi, usinunue moja. Juu ya yote hayo kuna VAT ya asilimia 18, inayohesabiwa juu ya bei ya bidhaa pamoja na usafiri na ushuru wowote uliowekwa.

Wakala wa kwanza niliyemtumia simtaji. Alikuwa na bei nzuri na majibu ya haraka, na nilimsifu kwa kila mtu, mpaka siku alipoamua kunisaidia kupunguza uzito kwa kutoa kadibodi ngumu ambazo wauzaji walikuwa wamezibana santuri nazo. Zilifika zikiwa salama za kusikiliza, lakini majalada matatu ya picha yalikuwa yamekunjika pembe. Jalada la picha mara nyingi ndilo nusu ya thamani. Ninayemtumia sasa ni ghali zaidi na hafungui kitu nisichomwagiza afungue. Anapata nyota nne kwangu, ya tano nimeizuia kwa sababu mzigo wake haujawahi kufika siku aliyosema.

Kwa huyu wa pili nilipata swali ambalo bado linanichekesha. Dada wa kaunta alikuwa anaoanisha orodha ya malipo na vitu vilivyomo, akaigeuza santuri moja, akasoma lebo.

"Mzee, hii imeandikwa si ya kuuzwa."

"Ndiyo, mama."

"Na hapa risiti inasema umenunua."

"Nimenunua, ndiyo."

"Sasa aliyekuuzia aliipata wapi?"

Swali zuri, na mahakama ilishalijibu. Kampuni ya Universal ilimshtaki Mmarekani aitwaye Troy Augusto kwa kuuza mtandaoni CD za promo zilizochapwa onyo kama hilo. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema kwamba mtu aliyetumiwa CD bila kuiomba, na bila kutakiwa kuirudisha, ameshakuwa mwenye mali, na anaweza kuiuza. Nilimweleza dada yule kwa ufupi. Akaniambia, "Basi andika hapa kwamba ni zawadi iliyouzwa," akagonga muhuri.

Kuna watu huniuliza kwa nini niagize mbali wakati Uganda imekuwa na redio siku zote. Promo za hapa zipo, ila si vinili. Redio binafsi za FM zilianza mwaka 1993, Sanyu na Capital ya Kampala zikiwa za mwanzo, na wakati huo kampuni za muziki zilikuwa zimehamia kwenye CD. Kwa hiyo promo utakayoiokota Kampala karibu daima ni CD, ya Queen wa mwisho. Mzee mmoja aliyekuwa mtangazaji aliniuzia "Heaven for Everyone" ya 1995 katika toleo lililofupishwa, ndani ya bahasha ya kadibodi, pamoja na nyingine kadhaa ambazo si za Queen na ambazo alisisitiza nizichukue zote au niache zote. Nilizichukua. Biashara ya namna hii, uso kwa uso, chai ikiwa mezani, bado sijaona tovuti inayoishinda.

CD nazo zina ugonjwa wao. Zilizochapwa na kiwanda cha PDO huko Blackburn, Uingereza, kati ya 1988 na 1993 baadhi yake hubadilika rangi kuwa ya shaba kuanzia pembeni, na mwishowe hazisomeki. Tazama maandishi madogo kwenye duara la katikati kabla hujatoa pesa. Na kama mtu anakuuzia asiteti, ile santuri ya majaribio yenye aluminiamu ndani na laka juu, mwambie asante. Inalika kwa kila mpigo, na joto letu haliipendi.

Kuhusu mashine ya kupigia nitasema machache. Nilionyeshwa moja nzuri iliyoletwa kutoka Marekani, na mwenyewe alikuwa na transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 240. Nikaikataa. Transfoma inashusha volti, haigusi hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Mota za zamani za namna ile hufuata hezi za umeme, na ya Marekani imepimiwa 60 wakati hapa tunayo 50, kwa hiyo Freddie angeimba taratibu na kwa sauti nzito ya mtu aliyetoka usingizini. Chukua iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, au yenye mota ya DC. Ongeza adapta ya katikati, maana singo za Marekani zina tundu kubwa, na ununue bahasha mpya za ndani: unyevu wa ziwa huku kwetu unaotesha ukungu kwenye karatasi kuukuu.

Jirani yangu, mzaliwa wa Unguja, hajali lolote kati ya haya. Kwake Freddie ni Farrokh Bulsara, mtoto wa Mji Mkongwe aliyezaliwa 1946, na anashangaa mtu wa huku Busoga kama mimi kulipa dola ili kusikia wimbo uliokatwa wakati mzima uko bure kwenye simu. Hata hivyo huja kusikiliza. Mono anaipenda kuliko mimi, anasema ngoma zinapiga pamoja.

Ninayoitafuta sasa ni "Somebody to Love" ya Elektra, ya 1976, mono na stereo, isiyolika mwanzoni. Maandishi ya kituo kwenye lebo ruksa. Dola 20 naweza, 25 nitafikiria, na muuzaji akiniandikia "adimu sana" kabla sijamuuliza namba, nafunga ukurasa.