Dawa ya chunjua: soma asilimia kabla ya kulipa

Chunjua haitokani na uchafu wala kushika chura. Inaletwa na kirusi, HPV, kinachopenya kwenye ngozi iliyochubuka au iliyolowa sana. Kwa watoto wengi huondoka yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo kusubiri nako ni tiba, tena ya bure.

Mimi nilishindwa kusubiri. Yangu ilikaa pale pale kalamu inapoegemea. Ninayoiweka namba moja ni asidi ya salisiliki ya maji, ya asilimia 17 hivi. Asilimia ndiyo unayoilipia. Nilipotaja "salisiliki" dukani nilikabidhiwa marhamu ya Whitfield, dawa nzuri ya fangasi, lakini salisiliki yake ni asilimia 3 tu. Nilipaka mwezi mzima, chunjua ikanitazama tu. Geuza kichupa, tafuta namba.

Matumizi yake yanataka subira: kila usiku loweka dakika 5 kwenye maji ya vuguvugu, sugua ngozi iliyokufa kwa tupa ya kucha, zungushia vaselini, kisha dondosha tone moja likauke. Huweza kuchukua wiki 12. Tupa hiyo asiiguse mtu mwingine, nawe usiirudishe kwenye kucha.

Ya pili ni plasta ya salisiliki ya asilimia 40, hasa kwa wayo. Hakikisha kwanza si sugu: chunjua ukiikwangua huonyesha vidoa vyeusi, na mistari ya ngozi huikwepa badala ya kupita juu yake.

Ya tatu, kugandishwa hospitali kwa nitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Inauma, hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa, na kwenye ngozi nyeusi inaweza kuacha baka jeupe. Vikopo vya kugandishia nyumbani havifikii baridi hiyo. Pesa yako ina kazi nyingine.

Selotepu ngumu ya mafundi? Ushahidi wake hafifu, ila haina hasara kubwa. Wembe na maji ya betri, hata usithubutu.

Chunjua ya usoni au sehemu za siri, au ya mguuni kwa mwenye kisukari, ni ya daktari, si ya duka. Na kama bafu lenu ni la pamoja, ongeza kandambili zako mwenyewe kwenye orodha.