SoapUI na alama zake za kuulizia: uzoefu wangu wa kuunganisha mfumo wa karo, Kampala

Mtu akikuambia SOAP (njia ya zamani ya mifumo kutumiana ujumbe wa XML, maandishi yaliyofungwa kwa vitambulisho) imekufa, mwambie aje Kampala aunganishe mfumo wa karo na benki. Mimi nilizoea REST na JSON, njia nyepesi za siku hizi, nikajiona fundi. Halafu ofisi yetu ndogo hapa Ntinda ikapata kazi: mzazi akilipa karo benki, shule ione papo hapo. Jina la benki silitaji, mkate wetu bado unatoka huko. Walitutumia faili moja ya WSDL (maelezo ya huduma yao kwa lugha ya mashine) na barua pepe ya mstari mmoja: maelezo yote yamo humo.

Yamo kweli, ila utayachimba. Nikapakua SoapUI, programu ya kujaribia huduma za SOAP, toleo la bure (la kulipia ni ReadyAPI, sikulihitaji). Unafungua mradi mpya, unaionyesha WSDL iko wapi, nayo inakuchambulia operesheni zote na kukuandikia ujumbe wa mfano kwa kila moja. Bahasha, kichwa, mwili, kila kitu mahali pake, na panapotakiwa thamani imekuwekea alama ya kuulizia. Kwa mkono ningekesha. Hapa ilikwisha kabla rolex yangu (chapati ya mayai) haijapoa.

Nimeruka sehemu moja. WSDL ile ilikuwa inaita faili za XSD (skima, yaani kanuni za umbo la data) zilizokaa kwenye anwani ya ndani ya benki, ambayo mimi wa Ntinda siioni. Nikaziomba, nikaziweka folda moja, nikarekebisha njia zake. Kisha nikagundua anwani ya huduma iliyoandikwa humo ni localhost, yaani laptopu yangu mwenyewe. Nisingeibadilisha, ningeshinda najibipu.

Zile alama za kuulizia ndizo zilizoniponza. Ujumbe wa mfano unakuonyesha umbo tu. Seva inataka nini ni habari nyingine. SoapUI huandika juu ya kipengele kama ni cha hiari. Mimi nikajaza vya lazima, vya hiari nikaviacha na “?” zake. Seva ikakuta “?” mahali pa tarehe ya kuzaliwa ya mwanafunzi, ikanirudishia Fault, yaani ujumbe wa kosa, na HTTP 500, msimbo wa hitilafu. Nikafuta alama, nikaacha kipengele kitupu. 500 tena! Kipengele kitupu si sawa na kipengele kisichokuwepo, na xs:date, aina ya data ya tarehe, haipokei utupu. Hukihitaji? Kifute chote, kuanzia kifunguzi hadi kifungio.

Siku hizi situmi kitu kabla ya kubonyeza Alt+V, inayokagua ujumbe kwa kuulinganisha na skima bila kuigusa seva. Hiyo ndiyo iliyonikamata nilipoandika 350,000. Kwenye xs:decimal, aina ya data ya namba, mkato hauruhusiwi, andika 350000. Lakini risiti zote za karo tulizokulia nazo zina mkato huo, kidole kinauweka chenyewe.

Kilichonifanya niipende hasa ni kichupo cha ujumbe mbichi, kinachoonyesha kilichotoka na kilichorudi, vichwa vya HTTP na vyote. Kwa siku tatu tulikuwa tunavutana na mhandisi wa benki. Mfumo wetu ulikuwa unarudishiwa 415 (aina ya ujumbe haikubaliki), naye kila nikimpigia jibu ni lile lile: “Ssebo, kwetu kuko sawa.” Nikatuma ujumbe ule ule kwa SoapUI ili nipate ushahidi wa kumbana. Ukapita. Nikaweka ujumbe mbichi wa SoapUI na wa mfumo wetu ubavu kwa ubavu: SoapUI ilituma text/xml na kichwa cha SOAPAction, ambayo ni SOAP 1.1, sisi tulikuwa tunatuma application/soap+xml, ambayo ni 1.2. Mmoja wetu alikuwa amebadilisha toleo kwenye msimbo wa PHP. Mmoja wetu huyo ni mimi. Nikampigia, nikaomba radhi, akacheka sana.

Kosa lililofuata tuligawana. Tulituma muda bila +03:00, wao wakausoma kama UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na malipo ya saa nne usiku yakaingia saa saba usiku, tarehe ya kesho. Sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili tumezoea tofauti ya sita. Hii ya tatu ilitusumbua wiki nzima.

Wikendi VPN ya benki (njia yetu ya kuingilia mtandao wao) ikikatika, nageuza WSDL ile ile kuwa huduma ya kuigiza: SoapUI inakuwa benki bandia kwenye laptopu, mlango 8088, nami naipangia majibu, hata ya makosa. Vijana wa ofisini wanaendelea na kazi kama kawaida.

Ila ni programu ya Java, na laptopu yangu ya GB 4 ilikuwa inahema. Sura yake pia ni ya zamani, menyu juu ya menyu. Na hifadhi mradi wako! Umeme ulikatika, betri yangu ni pambo tu, na majaribio ya mchana mzima yakaenda. Baada ya msiba ndipo nikaona kwenye mipangilio kuna namna ya kujihifadhi yenyewe kila baada ya dakika unazotaka.

Juzi yule mhandisi aliniomba faili ya mradi wangu ampe mteja mwingine aliyekwama na WSDL hiyo hiyo. Ni XML tu, nikaifungua kwanza kwa kihariri cha maandishi. Nenosiri la majaribio lilikuwa limekaa humo wazi, herufi kwa herufi. Nikalifuta, ndipo nikamtumia.