Wikiendi Mafia peke yangu: kisiwa maksi zote, gesti ndo imeniangusha

Jamani mkitaka sehemu ya kupumzisha akili bila makelele ya baa wala mtu wa kukusumbua, nendeni Mafia, upande wa kijiji cha Utende na kisiwa kidogo cha Chole. Nungwi kule Zanzibar napapenda ila ukikaa tu ufukweni ushaletewa miwani, ushaambiwa usuke, ushauziwa safari ya boti, huku Mafia nimejilaza kwenye mchanga mpaka kivuli kikanihama na waliokuja kunisemesha ni watoto tu, shikamoo dada, wakapita zao.

Ndege ndogo toka Dar ni kama nusu saa unashuka Kilindoni. Kama bajeti haikai vizuri, unapanda gari Mbagala mpaka Nyamisati halafu unavuka kwa boti, ila kwa wikiendi utakula muda sana. Kilindoni mpaka Utende ni bajaji, lami safi, minazi kushoto kulia. Getini unalipa kiingilio cha hifadhi ya bahari (ndo ya kwanza nchini, tangu 1995), bebeni kitambulisho cha taifa mlipe bei ya mwananchi.

Sasa sikilizeni hapa kwenye maji. Ghuba ya Chole ikipwa inapwa kwelikweli, asubuhi bahari iko miguuni pako, baadae unaona akina mama wanatembea kule kule ulikokuwa unaogelea, wana fimbo wanatafuta pweza kwenye mashimo. Kwa hiyo kabla hujatoa hela ya safari yoyote muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi, ukishajua basi unalala, unakula, unaamka kwa kufuata maji, saa ya mkononi niliivua kabisa na sijui lini mara ya mwisho nimelala mchana vile.

Chole usikose. Panda mashua ya abiria pamoja na wenyeji, nauli ndogo tu, na vaa kanga maana ni kijijini kwa watu. Gari hamna. Kuna magofu ya Wajerumani mizizi imeshika kuta zote, na popo wakubwa wananing'inia mchana kweupe wanajipepea na mbawa zao sababu ya joto. Nilikaa sana kwa mafundi wa mashua, mzee mmoja anakalafati, anashindilia pamba kwenye mwanya wa mbao kidogo kidogo, nyundo yake ndo sauti pekee pale. Nikaletewa na kiti.

Papa potwe wapo upande wa Kilindoni, kuanzia Oktoba mpaka kama Februari. Nilienda Novemba tukampata, mdomo wazi anachuja maji, madoa meupe mgongo mzima, yeye anakula vidudu vya baharini na visamaki vidogo, wala hana habari na binadamu. Msimguse tafadhali.

Gesti sitaitaja jina. Chumba kisafi, pweza wa nazi mtamu mno, lakini umeme ukikatika jenereta inaunguruma chini ya dirisha langu usiku kucha, na nilipoomba kuhamishwa nikaambiwa nivumilie. Kwa mtu aliyefuata utulivu hiyo haikubaliki, ulizeni jenereta iko wapi kabla ya kulipia.

Hela toeni Kilindoni kabla ya kwenda Utende. Na Jumatatu ombeni ruhusa kabisa, maana Jumapili jioni hutotaka kuondoka.